Safari ya Olorgesailie na Magadi: Mafunzo kwa Aliyefunga

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Katelembo, Machakos. Yamepunguzwa kidogo ili yaenee katika kurasa hizi.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo,



Ndugu zangu katika imani, wazazi wetu, na wewe kijana unayesoma haya huku ukingoja adhana ya Magharibi. Niliombwa niseme machache kuhusu ile safari ya siku moja tuliyoifanya likizo ya Disemba, kwenda kuona athari za watu wa kale kule Olorgesailie na chemchemi za maji moto za Magadi. Najua wengi mmeshasikia habari zake. Mmesikia kwamba gari lilikwama, mmesikia kuna mtoto aliugua. Na baadhi ya wazazi wanauliza, tena kwa haki: kwani vijana wa Kiislamu wana haja gani na mawe na maji moto? Pesa zile si zingefuturisha watu?

Nitajibu. Lakini kwanza nikubali jambo moja hadharani: mimi ndiye niliyekuwa amiri wa safari ile. Kosa lililotokea ni langu, si la dereva wala si la vijana. Mkishalijua hilo, sasa nisikilizeni.

KWA NINI TUSAFIRI?

Ukifungua Qur'ani utakuta Mola wetu anatuhimiza mara nyingi tutembee duniani tutazame. Katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, tunaamrishwa tutembee tuone namna alivyoanzisha uumbaji. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 9, tunaulizwa kama hatujatembea tukaona mwisho wa waliokuwa kabla yetu, na wao walikuwa na nguvu kutushinda, wakailima ardhi na kuijenga. Katika Surat Al-Hajj, aya ya 46, tunafundishwa kwamba mwenye kutembea hupata moyo wa kuzingatia, kwani upofu mbaya ni ule wa moyo, si wa macho.

Kwa hiyo safari ya mazingatio si anasa. Anasa ni kwenda ukarudi na picha za simu peke yake.

NJIANI

Tulikuwa watu 31 pamoja na dereva. Vijana wa kiume walikaa nyuma, wa kike mbele pamoja na mama zetu wanne, na mmoja wao alikuja na mwanawe wa miaka saba. Tuliswali Alfajiri, tukasoma dua ya safari, tukaondoka. Mandazi na chai ya chupa tulivimaliza kabla hatujafika Athi River, vijana mnajijua!

Kutoka Machakos hadi Nairobi ni kilomita 60 na kitu. Ukitoka Nairobi unapita Ongata Rongai, halafu Kiserian, unapanda mpaka Corner Baridi. Pale Corner Baridi baridi ni ya kweli, watu hujifunga shuka. Mara barabara inageuka, na mbele yako bonde la ufa lote liko chini, limetandazwa kama mkeka. Gari zima lilinyamaza. Kisha kijana mmoja akasema kwa sauti, "Subhanallah," na sote tukaitikia. Kutoka hapo ni kuteremka tu, na kila ukiteremka joto linapanda. Koti linavuliwa, halafu sweta, halafu dirisha linafunguliwa, na halisaidii kitu.

MAWE YA OLORGESAILIE

Olorgesailie iko kilomita 65 hivi kutoka Nairobi, na inasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Baadhi yetu tulitarajia kuona magofu yenye kuta na milango. Kumbe hakuna ukuta hata mmoja! Kuna uwanda wa udongo mweupe, na mlima Olorgesailie ambao zamani ulikuwa volkano. Wageni hupita juu ya daraja la mbao, na chini ya daraja, ardhini, kuna mawe. Mengi, yamelala moja juu ya jingine.

"Mawe tu?" akauliza msichana mmoja.

Kiongozi wetu pale akacheka, akamwambia atazame tena. Akatazama. Kila jiwe limechongwa pande mbili, limechongoka huku na kuwa pana kule, mfano wa jani kubwa. Ni mashoka ya mkono. Yalitumiwa kuchuna ngozi, kukata nyama na kuvunja mifupa. Yako pale pale yalipokutwa, hayakuhamishwa. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliyaona katika eneo lile mwaka 1919, kisha Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimba katika miaka ya 1940, na mwaka 1947 pakafunguliwa kuwa makumbusho. Wataalamu wanayakadiria mashoka yale kuwa ya kati ya miaka milioni 1.2 na laki 5 iliyopita. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba miaka laki 3 hivi iliyopita watu wa pale walikuwa wakitumia mawe meusi yanayong'aa kama kioo, mengine yametolewa mbali hadi kilomita 90. Yaani walikuwa na safari zao, na huenda walikuwa na majirani wa kubadilishana nao vitu.

Hapo ndipo yule msichana akauliza swali ambalo najua limewasumbua wengi. "Hawa walikuwa wana wa Adam?"

Nitawaambia nilivyomjibu. Sisi tunaamini Allah alimuumba Adam (a.s.) kwa udongo, na imani hiyo hatuiuzi. Lakini Qur'ani haikututajia mwaka alioumbwa, wala haikutuambia kwamba hakikuwako kiumbe kingine ardhini kabla yake. Jiwe lililochongwa liko pale, macho yako yanaliona, usilikane. Mtaalamu aliyekaa juani miaka mingi akipima udongo, usimtukane. Msikilize, chukua elimu yake, na pale asipokuwa na dalili, naye atakwambia hajui. Anayejua ghaibu ni Allah peke yake. Imani ya kijana haivunjwi na jiwe. Inavunjwa na kukatazwa kuuliza.

Jambo jingine tulilooneshwa ni ule udongo mweupe. Si chokaa. Ni mabaki ya vijidudu vya majini, vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyokuwa vikiishi ziwani. Ziwa gani? Pale pakavu palikuwa na ziwa! Lilijaa, likapungua, likakauka, likajaa tena, mara nyingi. Kuna na mifupa ya viboko na ya ndovu wa aina iliyokwisha kutoweka. Leo ukitupa jicho huoni hata tone.

Likumbukeni hilo la maji. Tutalirudia.

TULIVYOTIA UDHU

Wakati wa Adhuhuri uliingia tukiwa pale. Kwa kuwa ni wasafiri, tuliamua kupunguza na kukusanya: Adhuhuri rakaa mbili, Alasiri rakaa mbili, kwa wakati mmoja. Tulikuwa tumebeba mitungi mitatu ya maji, kila mmoja lita 20. Jumla lita 60. Asubuhi tulishakunywa kama lita kumi.

Sasa tazameni. Watu 28 walitia udhu. Kila mtu alijimiminia kama yuko kwenye bomba la msikiti, huku anazungumza na mwenzake. Nakadiria kila mmoja alitumia lita moja na nusu. Piga hesabu: lita 42. Tukabakiwa na lita nane, watu 31, saa saba mchana, na tulikuwa bado tunateremka kwenda Magadi.

Na mimi amiri nilikuwa wapi? Nilikuwa natafuta kibla kwa simu.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Haifiki lita moja. Kama tungeifuata Sunna hiyo, watu 28 wangetumia lita 20 hivi, na salio lingetosha. Na lipo kubwa zaidi. Mafakihi wetu wameeleza wazi kwamba mwenye maji anayoyahitaji kwa kiu, yake au ya mwenzake, anaruhusiwa kutayamamu na kuyahifadhi. Udongo safi wa Olorgesailie ulikuwa chini ya miguu yetu. Dini ilitupa ruhusa, nasi tukaimwaga.

MAGADI

Kutoka Olorgesailie hadi mji wa Magadi ni mwendo wa saa moja. Ziwa lenyewe ukiliona kwa mbali utadhani ni barafu: jeupe, pengine limepigwa rangi ya waridi, na heroe wamesimama kando. Ule weupe ni magadi, haya haya ambayo mama anatia kwenye maharagwe au isyo ili ziive upesi. Hutumika pia kutengenezea vioo na sabuni. Kampuni ya kuyavuna ilianzishwa mwaka 1911, na reli ya kuyasafirisha iliungwa na reli kuu pale Konza, hapa hapa Ukambani. Kwa hiyo babu zetu wengi waliliona gari moshi la magadi kabla ya kuliona ziwa.

Ziwa lile halina mto mkubwa unaolilisha. Maji yake hutoka hasa kwenye chemchemi za moto zinazolizunguka. Mvua ikinyesha vilimani, maji huzama kwenye nyufa za ardhi, yakafika kwenye miamba yenye joto, yakachemka, yakayeyusha chumvi za mawe, kisha yakapanda juu yakiwa ya moto. Kuna chemchemi za Magadi zinazofika nyuzi 80 na zaidi. Hizo zinababua ngozi. Za kusini, wanakokwenda wageni, zina vidimbwi ambamo yamepoa kiasi cha mtu kutia miguu. Joto la ardhini kama hilo ndilo linalotupa umeme kule Olkaria tangu mwaka 1981.

Na katika maji hayo ya chumvi na moto, ndugu zangu, mna samaki! Wadogo, kiasi cha kidole, wa jamii ya perege. Wanaishi kwenye maji yanayopita nyuzi 40, ambayo samaki mwingine angekufa mara moja. Aliyewaumba ndiye aliyewapa uwezo huo. Vijana walichutama pale dakika nyingi, hawataki kuondoka.

Wengine huenda kuoga wakitarajia kupona ngozi na viungo. Nasema hivi: maji moto hutuliza maumivu, hilo linajulikana, ila shifa hutoka kwa Allah. Na msiyaguse macho kwa maji yale, yanachoma. Wanawake walipewa kidimbwi chao mbali, wakajistiri. Hakuna mzazi aliyelalamika juu ya hilo, alhamdulillah.

PALE GARI LILIPOKWAMA

Chemchemi za kusini ziko mbali na mji, kwa njia ya vumbi. Kiongozi wetu, kijana wa Kimasai, alituambia tuache gari penye changarawe tutembee. Mimi nikaona akina mama watachoka, nikamwambia dereva asogee mbele kidogo. Akasogea. Juu palikuwa pakavu, chini matope ya magadi. Tairi za nyuma zikazama.

Tulisukuma saa nzima. Joto la Magadi hupita nyuzi 35 kwa urahisi, na hakuna mti. Lita nane zile ziliisha katika dakika kumi na tano. Mbele yetu ziwa, pembeni yetu chemchemi inatoa maji mfululizo, na hakuna hata kikombe kimoja cha kunywa.

Yule mtoto wa miaka saba akaacha kucheza. Akakaa kivulini mwa gari. Mama yake akamwita, hakuitika. Midomo imekauka, macho yanafumba. Nilipoligusa paji la uso wake, wallahi, nilihisi magoti yangu yanalegea.

Kulikuwa na wanawake wa Kimasai wanaouzia wageni shanga. Mmoja, mtu mzima, alikuwa na galoni ya lita tano kando ya vitu vyake. Hakuitwa na mtu. Alikuja mwenyewe, akapiga magoti, akamnywesha mtoto kidogo kidogo, akalowesha leso yake akamfuta uso na shingo. Kisha akanyanyua kichwa akatuuliza kwa Kiswahili:

"Mtoto wa nani huyu? Nani amemleta huku bila maji?"

Hakuna aliyejibu. Mama wa mtoto alinitazama mimi. Nikasema, "Ni mimi, mama."

Hakunitukana. Alitoa kikombe, akawagawia mama zetu na wasichana mpaka galoni ikaisha. Baadaye kiongozi wetu akatueleza kwamba maji yale hutekwa mbali na kubebwa kwa punda, na ile galoni ndiyo iliyokuwa ya siku yake.

Vijana wa kijiji wakaja na majembe na mawe, gari likatoka. Mtoto akazinduka, akaomba biskuti, tukalia wengine na kucheka wengine. Tulipofika mjini Magadi tulinunua maji, tukajaza mitungi miwili, na kiongozi akampelekea yule mama kwa pikipiki pamoja na tende. Sidhani kama tumelipa.

Mtume (s.a.w.) alitusimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Sasa pima mwenyewe uzito wa aliyemnywesha mtoto wako.

NA GEDE JE?

Mzee mmoja wetu aliniambia: mngeenda Gede, mkaone magofu ya Waislamu. Kweli, mzee wangu, na inshallah tutakwenda, ingawa si safari ya siku moja kutoka huku kwetu. Gede, karibu na Malindi, ni mji wa Waswahili wa kale wenye msikiti mkubwa, mihrabu, makaburi, vyoo na mabafu ndani ya nyumba. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. James Kirkman aliuchimba kuanzia mwaka 1948, akakuta na vyombo vya China. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia.

Lakini mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na sababu zinazotajwa ni nyingi: vita, na pia maji. Kisima cha karibu na msikiti mkubwa kilichimbwa tena kwenda chini zaidi. Fikiria wale waumini wakivuta kamba, kila mwaka inabidi iongezwe urefu.

Olorgesailie ziwa lilikauka, Gede kisima kilishuka. Na hapa Ukambani, mama zetu bado wanafukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Ndugu yangu, Surat Al-Mulk inamalizika kwa kutuuliza: maji yenu yakididimia, nani atakayewaletea mengine? Mwisho wa sura! Tunaisoma kila usiku kabla ya kulala, tukiamka tunafungua bomba mpaka mwisho.

MAFUNZO

Kwa ufupi, kwa anayepanga safari na kwa aliyefunga:

1. Wakisafiri watatu wamchague amiri, ndiyo Sunna. Lakini amiri ahesabu maji kabla ya kuhesabu viti. Kwa joto la Magadi beba si chini ya lita nne za kunywa kwa kila mtu, na ya udhu yawe mbali nayo.

2. Msikilize mwenyeji. Yeye anajua ardhi yake. Cheo cha ustadh hakitoi gari matopeni.

3. Jifunze fiqhi ya safari kabla ya kusafiri: kupunguza, kukusanya, kutayamamu. Hata maji ya chemchemi yenye chumvi ni tohara, kwani yamebadilishwa na ardhi yanamopita. Yakiwa ya moto sana yaache yapoe, usijidhuru.

4. Ramadhan hii, tia udhu kwa kikombe. Jaribu siku moja tu nyumbani, baba, mama na watoto. Utashangaa.

5. Kiu yako ina mwisho, inakwisha kwa adhana. Wako majirani ambao kiu yao haina adhana. Unapofuturu, mpelekee maji asiyekuwa na maji, awe Muislamu au asiwe.

Na nyinyi wazazi mliouliza juu ya pesa, hili ndilo jibu langu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa safari humnyima mtu chakula, kinywaji na usingizi wake. Sisi ilitunyima maji mchana mmoja, na tangu siku hiyo vijana wenu hawaachi bomba wazi. Mmoja ameweka kikombe penye udhu msikitini, hakuambiwa na mtu. Shawwal kamati itakaa kuamua kama safari ziendelee. Nikiulizwa nitasema ziendelee, ila amiri awe mwingine, nami nibebe mitungi.

Yule mtoto yuko salama. Jana baada ya tarawehe alinijia akaniuliza tutarudi lini kuwaona samaki. Mama yake alikuwa nyuma yake. Akasema, "Mkienda, nitawahesabia maji mimi." Nikamwambia, "Ahsante dada, hilo ndilo nililokuwa nangoja."

Ee Mola wetu, tusamehe tuliyopoteza, tutakabalie saumu zetu na kisimamo chetu, mlipe kheri kila aliyetunywesha, uteremshe mvua yenye manufaa kwa nchi yetu, na usitufanye wenye kuona tusizingatie. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.